Mashada ya Julai, pampasi za Februari

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nchi nzima tunaweka mashada, mkuki na ngao, upinde na mishale. Jirani yangu hapa Majengo, Moshi, huvaa koti lake siku hiyo hata kama jua ni kali. Mwaka 1978, Idi Amin alipovamia Kagera, jirani yangu huyo alichukuliwa akiwa mgambo. Alivuka mpaka hadi Uganda, na mwaka uliofuata akarudi na goti bovu. Hakuwa mwajiriwa wa jeshi, kwa hiyo pensheni hana. Mkewe ameshatangulia mbele ya haki, watoto wako Dar. Juzi akaniuliza, huku akichokonoa fimbo yake ardhini: "Siku nikishindwa kuinuka kitandani, nitapelekwa wapi?"

Jibu la haraka ni Njoro, makazi ya wazee ya serikali yaliyopo hapa hapa mjini. Hayo si ya askari peke yao. Ni ya mzee yeyote asiye na wa kumtunza, na yako chini ya wizara, si Manispaa. Ndipo linapozuka swali ambalo madiwani wetu hawalipendi: je, Manispaa itoe fungu kwenye mapato yake ya ndani, yaani ushuru wa masoko, leseni na vibanda, ili makazi ya aina hii yabaki mjini na yaweze kupokea watu kama jirani yangu?

Wanaopinga si watu wasio na huruma. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe inasema familia ndiyo mtunzaji wa kwanza, makazi ni njia ya mwisho. Huku Uchagani hilo halikuhitaji sera: kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi, na pamoja na nyumba anarithi kazi ya kuwaangalia. Hofu ni kwamba makazi yakiwa mazuri, watu watawatelekeza wazee wao pale getini.

Hofu hiyo naielewa, ila naomba tuitazame Desemba. Magari yanapanda mlimani, mbuzi wanachinjwa, mbege haikauki, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kina kelele za wajukuu. Ikifika wiki ya pili ya Januari, nyumba ileile ina bibi mmoja na dada wa kazi. Kitinda mimba naye ana duka Kariakoo. Mila bado ipo, mikono ndiyo imehama.

Pingamizi zito zaidi kwangu ni la hesabu. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa wenye miaka 60 na kuendelea ni asilimia 5.7 ya Watanzania. Makazi moja hayawezi kubeba hata sehemu ndogo ya wazee wa mji huu, kwa hiyo diwani atalazimika kuwaeleza wapiga kura kwa nini anawalipia wachache waliomo ndani huku wengi wakijikongoja nje. Tena mapato ya ndani tayari yana wenyewe: asilimia 10 kisheria ni ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wapo wanaosema wazee nao wakatiwe kipande humo. Sawa, lakini ile ni mikopo. Mzee aliyepooza umkopeshe, akulipe na nini?

Kuhusu askari kupewa nafasi maalumu, hapo nakubaliana na wapinzani. Mama aliyeuza ndizi Mbuyuni miaka 40 akisomesha watoto naye amelitumikia taifa. Zanzibar walipoanza kulipa pensheni jamii mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, hawakuuliza nani alishika bunduki. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo, na ndiyo maana mgambo wa Kagera anaonekana kama anaomba upendeleo, wakati shida yake ni ileile ya muuza ndizi.

Wengine watasema ni nafuu kuwakusanya wazee wote kwenye makazi makubwa machache, tuseme Magugu kule Manyara. Kwa kalamu na karatasi, kweli ni nafuu. Lakini mzee anayepoteza kumbukumbu mara nyingi hurudi kwenye lugha ya mama yake. Mpeleke mahali ambapo hakuna anayejua Kimachame, yaani Kichaga cha Machame, atanyamaza hadi afe. Na wale wazee wenzake wa kahawa na bao hawatapanda basi hadi Magugu.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa kutoa, ila kidogo na kwa uhakika. Niliwahi kuingia stoo ya makazi fulani ya wazee baada ya sikukuu. Mchele ulifika darini, sabuni za miche zilijaa maboksi, biskuti zilikuwa tele. Nikamuuliza mhudumu wanapungukiwa nini, akajibu bila kufikiri: pampasi za watu wazima. Hakuna anayepiga picha akikabidhi pampasi. Chakula na mishahara vibaki kwa wizara. Manispaa ibebe hizo pampasi, mafuta ya gari la kupeleka wazee hospitali ya Mawenzi, na posho ya mhudumu wa usiku.

Mji huu, kwa bahati, unajua kutunza askari. Makaburi ya waliokufa katika vita ya 1914 hadi 1918 yapo hapa Moshi chini ya tume ya Jumuiya ya Madola, na majina yao yamechongwa kwenye mawe.

Bajeti za halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka, kati ya Januari na Februari. Ni wakati uleule ambao wageni wa Krismasi wameshashuka na stoo imeanza kuonyesha sakafu. Jirani yangu amesema mkutano wa mtaa ukiitishwa atakuja, mradi pawe na kiti.