Usikimbilie kubadilisha kila kitu kwenye spika ya zamani

Kuna kitu kinaniuma sana. Mtu anapata spika za zamani, zile nzito za miaka ya 70 au 80, anazifungulia muziki zinakwaruza, basi hapohapo anasema zimekufa anazitupa, au mbaya zaidi anang'oa kila kitu cha ndani siku ya kwanza anaweka vipya. Mimi bado najifunza hii kazi, nimetengeneza jozi mbili tu mpaka sasa, ila zote mbili hazikuwa zimekufa, ilikuwa sponji ya pembeni imeoza basi.

Sponji ninayoisema ni ule mduara laini unaoshikilia koni ya woofa, ile spika kubwa ya besi, kwenye fremu. Inaoza yenyewe hata kama spika imekaa stoo haipigwi, hewa na unyevu tu vinatosha, ikifika miaka 15 au 20 hivi inaanza kumeguka. Ya kwanza nilipoigusa ilinata kwenye kidole kama lami huku vipande vingine vinadondoka kama makombo. Zenye raba zinadumu zaidi, hizo mara nyingi unazifuta vumbi tu unaziacha.

Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, sukuma koni kwanza, vidole vya mikono miwili pande zote za katikati, taratibu na kwa usawa. Ikienda na kurudi kimya, hapo sawa. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga ujue koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inasugua sumaku. Halafu chukua mita ya kupimia umeme, spika iliyoandikwa ohm 8 itakusomea kama 6 hivi, usishtuke, ndo kawaida yake, wasiwasi uje pale mita isiposoma chochote maana hapo waya wa koili umekatika.

Kazi yenyewe iko kwenye kubandika. Jozi ya kwanza nilikuwa na haraka, nikabandika sponji mpya kwa kukadiria na macho, gundi ikakauka koni imeegemea upande kidogo sana, huwezi hata kuona, lakini kila besi ikiingia krrr krrr, nikaumia kweli maana ilibidi nibandue nianze upya. Jozi ya pili nikakitoa kile kifuniko cha duara katikati ya koni, nikachomeka vipande vya plastiki nyembamba kuzunguka ndani ya koili, ikakaa katikati yenyewe, gundi ikalala usiku kucha ndo nikavichomoa. Kimya kabisa. Na kabla ya kufunga boksi nikagusisha betri ya volti 1.5 sekunde moja tu, chanya kwa chanya, koni zote mbili zikaruka kuja mbele. Ukikuta moja inarudi nyuma umegeuza waya, na ukiziacha hivyo besi inapotea.

Tena usinunue sponji yoyote ilimradi saizi inaingia. Tangu mbunifu wa Marekani Edgar Villchur alipotoa spika ya AR-1 mwaka 1954, spika nyingi za boksi lililozibwa zinategemea hewa ya ndani iwe ndo springi ya woofa, kwa hiyo pembeni panatakiwa pawe laini sana, ukiweka sponji ngumu umeshaua ile besi ya chini iliyokufanya uipende hiyo spika. Na boksi lisivuje, ukisukuma woofa irudi polepole, ikirudi chap kuna mahali hewa inatoka.

Sasa kapasita, vile vidude vya kwenye krosova (saketi inayogawa sauti, besi iende kwa woofa na sauti nyembamba iende kwa twita, ile spika ndogo), hapa ndo huwa nabishana na watu. Wengi wanasema badilisha zote, weka za aina ya filamu ya plastiki za bei kubwa, mimi nakataa. Fungua mguu wake mmoja kwenye saketi, pima, kama iko ndani ya asilimia 10 ya ilichoandikwa na twita inalia safi iache, maana aliyeipanga ile krosova aliipangia sauti ya kapasita za wakati ule, ukiweka nyingine twita inaweza kuanza kupiga kelele kuliko alivyotaka yeye, halafu utasema spika za zamani zinachoma masikio kumbe umezichongoa mwenyewe.

Saa hizi jozi ya tatu iko mezani, raba zake nzima, kapasita moja tu imepanda kama asilimia 30, nitabadilisha hiyo na ya mwenzake ili zote mbili zilingane. Nyingine sizigusi.