Ukisahau Ukiwa Ohio Unatolewa Damu, Ukisahau Ukiwa Kongwa Umerogwa

Jamani, leo nimechukia bure. Bibi mmoja ninayemhudumia hapa Ohio kanung'unika asubuhi nzima kwamba majibu yake ya damu yamechelewa. Anasahau majina ya wajukuu, jiko kaliacha linawaka, daktari kaagiza apimwe kama ni Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Kichupa kimoja tu cha damu ya mkononi, na bado analalamika!

Kipimo cha kwanza cha namna hiyo kiliidhinishwa Marekani Mei 2025, kwa wenye miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili. Kinalinganisha protini mbili, tau na amiloidi. Amiloidi huweza kuanza kujirundika ubongoni hata miaka 15 kabla mtu hajapotea njia ya nyumbani. Kabla ya hapo mara nyingi ulichomwa sindano mgongoni uchotwe maji ya uti wa mgongo, au uingizwe kwenye mashine ya picha ya bei mbaya. Kinachonivutia ni kwamba watu wawili wanaweza kusahau sawasawa leo, mmoja akabaki hivyo hivyo miaka, mwingine akaporomoka hadi demensia, yaani kumbukumbu na akili kupotea kiasi cha kushindwa kujihudumia. Protini hizi zinasaidia kubashiri nani anaelekea wapi. Si ramli lakini, tarehe hazikutajii.

Sasa njoo kwetu Kongwa, Dodoma. Shangazi yangu alificha hela za mahindi ndani ya debe la uwele, akasahau, akamwita mkamwana mwizi mbele ya majirani. Mlenda akautia chumvi mara tatu. Siku moja akakutwa stendi ya Kibaigwa, kanga kaivaa ndani nje, anaulizia nyumba ya baba yake aliyekufa zamani. Nusu ya ukoo wakasema uzee, nusu wakasema karogwa, vijana wakacheka kwamba apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye yeye mwenyewe ndiye akaitwa mchawi, maana anatembea usiku. Hakuna aliyesema apimwe. Hata malaria hawakumpima!

Najua mnachoandika huko chini: mbeba boksi huyu, kuogesha wazungu kumempanda kichwani. Haya. Hao ninaowaogesha, wengine watoto wao nawaona Krismasi tu. Shangazi hakulala peke yake hata usiku mmoja, wajukuu walipokezana kumfuata hadi mtoni. Hapo tumewashinda Wamarekani, tena mbali, na nawaambia kazini bila aibu.

Mwingine atasema huo ni ugonjwa wa wazungu. Wa wazungu wapi? Watafiti walipopita vijiji vya Hai, Kilimanjaro, walikuta demensia kwa watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Hai ni Ulaya?

Na yule wa "ukishajua, halafu?" Swali zuri, silikwepi. Dawa mpya za huku, lecanemab na donanemab, hupunguza kasi kidogo tu, na zinaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu humo. Kwa hiyo sisemi Dodoma inunue mashine za kutafuta amiloidi wakati mabomba yenyewe yanakohoa hewa. Nasema kusahau kuingie hospitali kama kikohozi kinavyoingia. Upungufu wa vitamini B12 unasahaulisha. Tezi ya shingo ikilegea inasahaulisha. Sonona nayo, hata kaswende, ambayo wajawazito hupimwa kliniki. Hayo yana tiba, na hayahitaji Ohio. Ikionekana si hayo, angalau mkamwana atajua kwamba anayemwita mwizi ni mgonjwa.

"Gharama nani atalipa?" Wewe kaka, ambaye najua utakuwa wa kwanza kuniuliza hivyo: kwa mganga mlipeleka mbuzi wawili na shuka jeusi, na mkalipa nauli ya watu wanne kwenda na kurudi. Hizo mlizitoa wapi?