Stendi yangu ya kamera nimeipa mbili

Jumapili iliyopita tulimaliza kuzunguka soko la samaki la Feri na kamera zetu mapema asubuhi, kadi zimejaa picha za pweza, madau na migongo ya wachuuzi, tukaenda kukaa pale tunapokaa siku zote, kwa mama wa vitumbua. Tulikuwa watano. Chai haijapoa, mazungumzo yameshahama kutoka kwenye picha yameingia kwenye vyombo vya kupigia. Jamaa yetu wa benki akatoa lenzi yake mpya, akaifuta kwa kitambaa cha miwani, akaiweka mezani katikati ya vikombe.

"Hii naipa tisa na nusu kwa kumi."

Nikamuuliza ameinunua lini.

"Wiki ya tatu hii."

"Umeshasafisha picha ngapi?"

"Kusafisha bado, kaka. Lakini we iangalie tu."

Tukaiangalia. Kwa kweli ni lenzi nzuri, nzito, bado inanukia boksi, na pete yake inazunguka taratibu kama mfuniko wa chupa ya marashi. Nikamuuliza ile nusu imekatwa kwa kosa gani. Akafikiri sana, akasema kifuniko cha mbele kinabana.

Tangu siku hiyo alama hizi tunazojipa zimenikaa kichwani. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, hilo halina ubishi, ila sisi wa kamera tunaivuta mpaka inakaribia kupasuka. Sijawahi kumsikia mtu pale kijiweni akisema kitu alichokinunua kwa pesa yake ni cha nne kwa kumi. Ni nane, ni tisa, ni tisa na nusu. Darasa zima limefaulu, na mwalimu aliyesahihisha ndiye baba mzazi wa wanafunzi wote.

Mwaka 1990 watafiti watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha majaribio yao ya vikombe. Wanafunzi nusu walipewa kikombe kila mmoja, nusu wakaachwa mikono mitupu. Waliopewa walipoulizwa watauza kwa bei gani, walitaja karibu mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa. Kikombe chenyewe hawajakaa nacho hata saa nzima! Sasa mfikirie mtu aliyenunua lenzi kwa hela ya mchezo wa miezi kumi, tena nyumbani akataja nusu ya bei. Huyo hawezi kuipa sita. Akiipa sita, inabidi aanze kujibu maswali ambayo hayahusiani na upigaji picha.

Ukitaka kujua alama halisi ya kitu, subiri Januari. Ada za shule zikibisha hodi, vyombo vinaanza kuuzwa, na lugha inabadilika ghafla. "Nauza, bado mpya kabisa, haijatumika sana." Mtu anaandika maneno hayo kama sifa, wakati ndiyo maungamo yenyewe. Kitu ulichokipa tisa miaka miwili iliyopita kimewezaje kuwa hakijatumika sana? Kilikuwa kinafanya nini muda wote huo? Kilikuwa kabatini, kinalindwa.

Basi nimeamua nianze mwenyewe kusahihisha upya. Chapa ya kamera sitaitaja, maana chapa ikishatajwa hoja inakufa, zinabaki timu, kama Simba na Yanga.

Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni ya mwaka 2013, megapikseli 18, pointi tisa za fokasi. Mchana naipa nane. Usiku ukumbini, ISO (wepesi wa kamera kudaka mwanga) ikivuka 3200 na DJ amewasha taa zake za zambarau, naipa nne, kwa sababu nyuso zinatoka na chenga kama televisheni ya zamani iliyopoteza antena. Nikitafuta wastani nikakwambia sita, nimekwambia nini? Hiyo sita haimfai mtu wa harusi, itamponza. Haimfai mtu wa ufukweni, itamkimbiza bure.

Kuna na suala la mita, kile kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera, ambalo bodi zote za aina hii zinalo na sisi huku tunalilipia zaidi. Mita ya kamera imefundishwa kuamini kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya, kitatoa kijivu cha katikati, kile cha kadi ya asilimia 18 wanayopimia mwanga wapiga picha. Msimamishe bwana harusi mweusi, kanzu nyeupe, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa. Mita inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, kanzu inageuka kijivu na uso wa bwana harusi unazama kabisa. Inabidi umwongezee stopu moja, yaani mwanga mara mbili, kwa mkono wako, wakati mwingine moja na nusu. Wanaopima kamera Ulaya wanalijua jambo hili kwa theluji. Sisi tunalijua kwa kanzu na shela. Ndiyo maana alama ya mtu wa mbali huwa naisoma kama utabiri wa hali ya hewa wa mji mwingine: huenda ni sahihi kabisa, huko kwao.

Lenzi ya milimita 50 nitaitaja, ina historia yake. Kampuni ya Canon walitoa 50mm ya f/1.8 (tundu lake la mwanga ni kubwa) ya mfumo wao wa lenzi wa EF mwaka 1987, ikiwa na mlango wa chuma wa kuifungia kwenye kamera na kidirisha cha kuonyesha umbali. Mwaka 1990 wakatoa toleo la pili: chuma kikaondoka ikaja plastiki, kidirisha kikaondoka, uzito ukashuka hadi gramu 130, na bei ikashuka mpaka kwa mtu kama mimi. Toleo hilo lilidumu sokoni hadi 2015 lilipopata mrithi. Yangu niliinunua ikiwa imetumika, Kariakoo, Sh 180,000, baada ya muuzaji kuniapia kwa Mungu mara tatu. Imedondoka kwenye bajaji kwa uzembe wangu, imeokotwa, inafanya kazi. Fokasi yake inalia kama mbu aliyeingia ndani ya neti. Kwa picha ya uso, jioni, karibu na dirisha, naipa tisa na sina aibu.

Lakini twende sebuleni kwa mama, Magomeni. Kwenye bodi yenye sensa ndogo kama yangu (sensa ni kile kipande kinachopokea picha badala ya filamu), 50 inaona finyu, kama lenzi ya 80. Idi iliyopita nilitaka kuwapiga wote pamoja: mama kwenye kochi, dada zangu wawili, wajukuu chini kwenye mkeka. Nikarudi nyuma hatua moja, nyingine, mgongo ukagota mlangoni. Nikafungua mlango nikatoka uani, nikawa napiga kupitia mlangoni kama mwizi. Mama akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mbona unatukimbia?" Pale sebuleni 50 naipa tatu. Lenzi ile ile, siku ile ile.

Nikaingia ndani nikafunga ile 18-55, lenzi inayoweza kuona kwa upana zaidi, iliyokuja na kamera kwenye boksi, ambayo kila mtu kijiweni anaidharau na mimi niliidharau pamoja nao. Miaka yote nilikuwa naipa tano, tena kwa huruma. Picha ikatoka, wote wamo, hata paka. Niliporudi nyumbani nikafanya kitu ambacho ningetakiwa kukifanya zamani. Kila picha ya kidijitali inabeba maelezo yake ndani: saa, tundu, kasi ya shata, na lenzi iliyotumika. Nikazitafuta moja moja zile picha 11 zilizoko ukutani kwa mama. Saba ni za 18-55, tatu ni za 50, moja nilipiga kwa simu. Lenzi ya kuvuta, ile ndefu ya mpaka 300 niliyoinunulia safari ya Mikumi, haina hata moja. Nilikwenda nayo mbugani mara moja, nikampata simba amelala mbali saa sita mchana, joto linacheza juu ya majani, na picha ikawa ya gunia la rangi ya kahawia. Kosa ni la saa niliyokwenda, si la lenzi peke yake. Ila kijiweni niliipa nane kwa miaka minne, kwa sababu ni ndefu na watoto barabarani walikuwa wananiita mwandishi wa habari.

Mwalimu, mkubwa wetu pale kijiweni, nilipomweleza haya alinijibu kwa jibu linalopendwa sana, kwamba kifaa si kitu, jicho ndilo kila kitu. Akanitolea mfano wa Seydou Keïta, mpiga picha wa zamani wa Bamako, Mali. Shikamoo yake naiheshimu, lakini hapo sikubaliani naye. Ni kweli Keïta alipiga uani, kwa mwanga wa jua, shuka la kitandani likiwa pazia, mara nyingi kwa kila mteja picha moja tu kwa sababu vifaa vilikuwa ghali. Lakini tazama alichokuwa nacho mkononi: kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Negativu ya ukubwa huo unaisafisha kwa kuilaza moja kwa moja juu ya karatasi, bila mashine ya kukuzia. Na ndiyo iliyofanya picha zake, zilipokuja kukuzwa Ulaya miaka ya 1990, zijae ukuta huku unahesabu nyuzi za vitambaa. Yule alijua kifaa chake kinafaa wapi. Maneno ya "kifaa si kitu" nimeyasikia zaidi kutoka kwa watu ambao begi lao moja linatosha kununua bajaji.

Niendelee na vidogo vidogo, maana huko ndiko pesa zinakopotelea.

Begi la ngozi: tatu. Ni zuri, nakiri, nikilivaa naonekana mtu. Ila ngozi inashika unyevu, na unyevu wa Dar wakati wa masika si wa kuchezea. Mjomba aliniachia lenzi ya zamani, nikaihifadhi humo kwa heshima zote. Mwaka uliofuata picha zikaanza kuwa na ukungu. Fundi akaimulika kwa tochi ya simu, akanisogezea nione: nyuzi nyembamba nyeupe zimetambaa ndani ya kioo kama utando wa buibui. "Kaka," akasema, "humu mna msitu." Fangasi wakikaa muda mrefu wanaila rangi ya kinga ya kioo, na hapo hata ukisafisha alama inabaki. Katika makala zote nilizosoma za kusifu begi lile, hakuna aliyetaja unyevu. Waandishi wake hawaishi pwani.

Kontena la plastiki la kuwekea chakula, lenye mpira kwenye mfuniko: tisa. Ndani nimeweka vile vipakti vya kunyonya unyevu, ninavyovinunua vipya kila msimu (vile vya kwenye maboksi ya viatu vilivyokaa wazi miezi mitatu ni mapambo tu), na kipimo kidogo cha unyevu. Nataka kisome kati ya 40 na 50. Kikifika 60 nabadilisha. Usiweke mchele, tafadhali. Utapata vumbi la mchele na fangasi juu yake.

Mkanda wa shingoni wenye jina la kamera kwa maandishi makubwa: sifuri. Mjini kutangaza ulichobeba si busara.

Karatasi ya manila, nyeupe, ya duka la vifaa vya shule: kumi. Ndiyo kumi pekee niliyowahi kutoa. Jua letu la saa sita liko utosini, macho ya mtu yanageuka mashimo mawili. Mwambie mtoto wa jirani ashike manila usawa wa kiuno, ailaze kidogo kuelekea usoni, utaona macho yanafunguka na yanapata nukta ya mwanga. Ikichafuka natoa nyingine. Nayo sijaisikia ikisifiwa pale kijiweni hata siku moja, kwa sababu haina cha kuringia. Ukitembea umebeba manila mtu anafikiri unakwenda kuchora chati ya shule.

Wiki hii nimepeleka pendekezo kwa wenzangu. Mtu akitaka kutoa alama ya kitu chake atoe, lakini kwanza aseme amekaa nacho muda gani, kimemwangusha wapi, na mara ya mwisho kimetoka nyumbani lini. Jamaa wa benki amenuna. Mwalimu amecheka. Dada yetu anayepigia filamu mpaka leo amesema yeye yuko tayari, ila swali la bei lisiulizwe mbele ya mumewe.

Imebaki stendi. Niliinunua Sh 45,000, nyepesi, inakunjika vizuri, nikaipa saba siku ile ile dukani. Mwezi wa pili kufuli la mguu mmoja likalegea. Nikalifunga kwa mpira wa tairi. Siku moja Coco Beach, nimeweka kamera nasubiri jua lichomoze, mguu ukazama polepole kama mzee anayekwenda kusujudu, na niliidaka kamera ikiwa shibiri moja kutoka mchangani. Nikaishusha mpaka mbili. Nikasema nitaitupa.

Juzi natafuta cha kutupa siioni. Nikaenda uani. Mke wangu ameisimamisha pembeni ya jiko, miguu yote mitatu imekazwa kwa kamba, amening'iniza chujio la nazi, upawa na taa ya kuchaji ya kupikia umeme ukikatika. Nikamuuliza anaipa ngapi.

"Nane," akasema. "Ingekuwa ndefu kidogo ningeipa tisa."