Wangesema "Cadorna"

Nchini Italia, chama kikibwagwa vibaya kwenye uchaguzi, au timu ikichapwa mabao matano nyumbani kwake, hakosi mtu wa kusema: hii ni Caporetto. Msemaji huenda hata hajui mji wenyewe uko wapi. Hauko Italia tena. Uko Slovenia, kando ya mto Soča, na wenyeji wanauita Kobarid. Hebu fikiria umezaliwa hapo, halafu jirani wanalitumia jina la kwenu kuchekea walioshindwa.

Mapigano yalianza saa nane usiku, 24 Oktoba 1917, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mizinga ya Wajerumani na Waaustria ilinguruma, na karibu na Bovec ikamwagwa gesi ya sumu ambayo barakoa za Waitaliano hazikuifulia dafu. Adui akapenya kwa kufuata bonde, na kabla ya usiku kuingia mji ulikuwa umetekwa. Jeshi la Italia likarudi nyuma zaidi ya kilomita 100, hadi mto Piave. Askari waliotekwa walizidi 250,000.

Kipigo kilikuwa kikubwa, sibishi. Ninachokataa ni lawama iliyojificha ndani ya neno. Ukisikia Caporetto unawaona askari wametupa bunduki, wanatimua mbio. Picha hiyo ina mchoraji: Jenerali Luigi Cadorna, mkuu wa majeshi. Katika taarifa yake ya 28 Oktoba alidai kuwa vikosi vya Jeshi la Pili vilikimbia kwa woga bila kupigana. Ni yeye huyohuyo aliyekwishawaamuru vijana hao washambulie mara 11 kwenye mto uleule wa Soča, wakipanda miamba kuelekea bunduki za rashasha, wakifa kwa maelfu ili kupata vipande vya mlima. Na katika vita hiyo nzima ya dunia, zaidi ya wanajeshi 700 wa Italia walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa hukumu za mahakama za kijeshi. Sasa huyo naye wa kumwita mtu mwoga?

Novemba aliondolewa, akaja Armando Diaz. Jeshi lililotukanwa likasimama Piave, halikupitika.

Cadorna, kwa upande wake, ana kituo cha treni katikati ya jiji la Milano. Abiria wa uwanja wa ndege wa Malpensa wanapandia hapo, wanalitaja jina lake kila siku, na hakuna anayelitaja kwa kucheka.