Usiupime mlima kwa urefu wake

Usiku wa manane nilitoka hemani kambi ya Barafu, mita 4,673 juu ya Kilimanjaro, tukingoja kuanza safari ya kileleni. Chini taa za Moshi zilikuwa kama makaa yaliyomwagika. Juu nyota zilijaa, zote zikimetameta. Mwenzangu akasema hapa ndipo pa kujenga kituo kikubwa cha kutazamia nyota. Nilimkubalia papo hapo. Leo simkubalii, na sababu ni kule kumetameta.

Nyota yenyewe haimetameti. Mwanga wake hupita kwenye hewa ya joto na ya baridi inayochanganyikana, ukapindwapindwa njiani. Kwa macho ni pambo, lakini kwenye darubini picha inavurugika. Kwa hiyo anayetafuta mlima wa darubini anatafuta mahali ambapo nyota zimetulia. Urefu una kazi yake, hasa kuukwepa mvuke wa maji: ALMA, kundi la darubini za redio huko Chile, iko kama mita 5,000 juu kwa sababu mawimbi inayoyapokea hunyonywa na mvuke huo. Lakini mlima Paranal, hukohuko Chile, ambako zimesimama darubini nne za kituo cha Ulaya kiitwacho VLT, zenye vioo vya mita 8.2, ni mita 2,635 tu. Kibo ni zaidi ya mara mbili ya hapo! Paranal inabebwa na jangwa la Atacama na bahari baridi inayoyazuia mawingu chini, hata usiku usio na mawingu unapita 300 kwa mwaka.

Utulivu wa hewa hupimwa kwa kifaa ninachokipenda sana. Ni darubini ndogo iliyofunikwa mdomo kwa kifuniko chenye matundu mawili, tundu moja likiwa na kipande cha kioo kinachopinda mwanga kidogo, kwa hiyo nyota moja inaonekana nukta mbili. Upepo ukiitikisa darubini, nukta zote mbili husogea pamoja. Zikisogeleana na kuachana, hiyo ni hewa. Unahesabu mchezo huo usiku kucha, mwezi baada ya mwezi.

Na bado mlima unaweza kukushangaza. Paranal ilipimwa miaka ya 1980 ikaonekana bora. VLT ilipoanza kazi, kifaa kile kikawa kinaonyesha hewa imeharibika, huku picha za darubini kubwa zikiwa nzuri kuliko kilivyosema. Baadaye ikafahamika kwamba vurugu ilikuwa kwenye tabaka jembamba karibu na ardhi: kifaa kilikuwa ndani yake, darubini kubwa zilikuwa juu yake. Mita chache tu kutoka chini zilitosha kubadilisha jibu.

Ndiyo maana naumia kila nikisikia mjadala wa darubini Afrika Mashariki ukianza na ukubwa wa kioo na gharama. Tuna fursa ya kweli: karibu na ikweta unaona karibu anga lote, la kusini na la kaskazini. Lakini tuna masika na vuli, na Kilimanjaro mawingu hupanda miteremkoni alasiri nyingi. Mimi ningeanza na milima ya nyanda kame za kaskazini mwa Kenya kabla ya kuufikiria mlima wowote wenye theluji. Hata Ulaya, kabla ya kuuchagua mlima Armazones wa Chile mwaka 2010 kwa darubini yake ya mita 39, ilipima milima kadhaa, ukiwemo Aklim wa Morocco.

Wenyeji nao waulizwe mapema, kabla ya vifaa kupandishwa. Mauna Kea ya Hawaii ina hewa ya kuonewa wivu, lakini mwaka 2015 na tena 2019 wenyeji wanaouona mlima huo kuwa mtakatifu waliziba barabara, ujenzi wa darubini ya mita 30 ukasimama.

Ninachotaka ni kidogo: vifaa vinne au vitano vya matundu mawili, kila kimoja juu ya mnara kwenye mlima wake, pamoja na vipima upepo, unyevu na vumbi. Vikae huko miaka mitatu mfululizo, masika yote yakiwemo, na takwimu za kila usiku ziwekwe wazi ili mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret azichambue mwenyewe.