Ndugu wa mgonjwa: getini au kando ya kitanda?

Katika hospitali nyingi za Kanda ya Ziwa, ndugu huingia wodini na chupa ya uji asubuhi, hurudi mchana, hurudi jioni. Muda ukiisha, mlinzi anapita kuwatoa. Wanaotaka utaratibu huo ukazwe zaidi wana hoja nzito. Ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera Machi 2023, miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo ndugu na wahudumu wa afya waliokuwa karibu na wagonjwa. Wodi iliyojaa watu haisafishiki, raundi ya daktari inakwama, mgonjwa hapumziki. Na yupo ndugu anayemlisha mtu wa kiharusi akiwa chali: uji unaingia njia ya hewa, siku chache baadaye ni nimonia.

Lakini mimi nasema ndugu afundishwe, aachwe kando ya kitanda. Ipigeni hesabu kazi yenyewe ya wodini. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa 2, yaani mara 12 kwa siku. Tuseme wodi ina wagonjwa 10 wa namna hiyo. Zamu ya usiku ya saa 12 inadai kugeuza mara 60, na mtu mzima hageuzwi na mtu mmoja bila kuburutwa na kuchubuka ngozi. Kwa dakika 5 kila mara, wauguzi wawili wametumia saa 5 nzima kabla hawajagusa dripu, sindano, wala mgonjwa mpya aliyeletwa saa nane usiku. Haifanyiki, tusidanganyane. Ndugu wamelala nje kwenye kanga, mikono mitupu, na ndani kidonda cha kulalia kinaanza.

Kinaanza pale ngozi inapobanwa kati ya mfupa na godoro hadi ikakosa damu: juu kidogo ya makalio, kwenye nyonga, kwenye visigino. Kwa ngozi nyeusi, kusubiri wekundu ni kuchelewa. Papasa kwa mgongo wa mkono, ulinganishe na sehemu ya jirani: pana joto zaidi? Pamekuwa pagumu, au palaini isivyo kawaida? Ukipakuta hivyo, mwondoe mgonjwa hapo, wala usipasugue, maana kusugua kunaumiza zaidi nyama iliyokwisha kukosa damu. (Glovu zilizojazwa maji chini ya kisigino, njia ya kwanza kwa wengi, hazipendekezwi.) Weka mto chini ya kigimbi ili kisigino kisiguse godoro. Ukimlaza ubavu, mwinamo uwe kama nyuzi 30, mgongo ukiegemea kanga zilizokunjwa, asilalie nyonga moja kwa moja. Hakuna linalodai cheti hapo. Linadai mtu aliyeelekezwa na mwenye muda, na huyo tunaye getini.

Wasomi wa upande wa pili watataja utafiti wa India uliochapishwa 2017, wenye wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14. Ndugu walifundishwa kuwafanyisha mazoezi, na baada ya miezi 6 waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kila kundi, wenye ndugu waliofundishwa na wasio nao. Ni takwimu ya kweli, na inatukataza kuahidi kwamba mafunzo kwa ndugu yatamrudishia mzee mkono wake. Ila swali kuu lilikuwa kujitegemea, na kidonda cha kulalia ni habari nyingine. Tena mgonjwa wa kisiwa cha Ukerewe akiruhusiwa, atarudi kwao Nansio mikononi mwa binti yuleyule aliyekuwa akitolewa wodini. Kumnyima mafunzo hakumwondolei kazi.

Moyo nao una haki yake. Mzee aliyepoteza usemi, anayeelewa Kisukuma tu, akizungukwa na sura ngeni usiku huchanganyikiwa kirahisi, akang'oa mpira wa mkojo. Sauti anayoijua humtuliza. Binti naye huchoka, hivyo wapokezane wawili.

Masharti hayakwepeki. Ndugu mmoja kwa kitanda. Mwenye homa au kikohozi asiingie. Chumba cha kutenga wagonjwa kibaki kimefungwa kwa ndugu. Mikono ioshwe kwa sabuni, sekunde 40 hadi 60, kabla na baada, na ndugu asimguse mgonjwa wa kitanda cha pili hata akiombwa maji. Kulisha kusubiri muuguzi apime kama mgonjwa anameza salama. Kisha aketishwe wima, kijiko kidogo kidogo, shavu la upande uliopooza likaguliwe, abaki ameketi dakika 30 baada ya kula.

Na kabla ya ruhusa, muuguzi amwangalie ndugu akigeuza na kulisha kwa mikono yake mwenyewe, akikosea arudie. Hilo lifanyike siku mbili kabla, si asubuhi ya kuondoka, bili haijalipwa na meli ya Nansio inakimbiliwa.