Bluetooth ya zamani, sasisho jipya: kipi hubadilika na kipi hakibadiliki

Mtu akinunua hedifoni mpya, boksi likawa limeandikwa Bluetooth 5.3 na laptopu yake ni ya 4.2, swali la kwanza huwa hili: nikisasisha programu, laptopu nayo itafika 5.3? Majibu anayopewa ni ya aina mbili. Wapo wanaomwambia asasishe kila kitu kinachosasishika, maana hakuna sasisho lisilo na faida. Wapo wanaomwonya asiguse chochote, kwa sababu vifaa vingi vizima vimeharibika siku viliposasishwa. Pande zote mbili zina ushahidi, tena wa kweli. Kasoro ni kwamba zote zinalizungumzia sasisho kama kitu kimoja, ilhali kuna tabaka tatu zinazotegemeana: maunzi, yaani chipu ya redio na antena zake, programu dhibiti inayoishi ndani ya chipu hiyo, na juu yake draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuongea na chipu, pamoja na mfumo wa uendeshaji wenyewe. Sasisho linaweza kugusa tabaka mbili za juu. La chini haliligusi kamwe.

Kwenye maunzi hakuna mjadala mrefu. Chukua Wi-Fi, ambayo mambo yake ni yaleyale: toleo la Wi-Fi 6E lilifungua masafa ya gigahezi 6, na Wi-Fi 7 inayatumia pia. Simu iliyoundwa kwa gigahezi 2.4 na 5 haina saketi ya kuyashika masafa hayo, na hakuna faili la kupakua litakaloiongezea. Bluetooth nayo ina mipaka ya namna hiyo. Toleo 4.0 la mwaka 2010 lilileta Low Energy, njia ya mawasiliano inayotumia umeme kidogo na inayoyagawa masafa katika chaneli 40, tofauti na chaneli 79 za Bluetooth ya awali. Chipu iliyotengenezwa kabla ya hapo, bila redio ya namna hiyo, haiwezi kufundishwa. Ndiyo maana saa za mkononi na vipimo vya afya vinavyotumia Low Energy peke yake havionekani kabisa kwenye laptopu ya enzi za 2.1 au 3.0, hata ukiisasisha mpaka mwisho.

Hata hivyo wanaotetea masasisho hawasemi ovyo. Historia ya Wi-Fi ina mifano ambapo uwezo ulikuwa umelala ndani ya chipu ukisubiri programu iuamshe. Mapema mwaka 2007 Apple iliuza kwa dola 1.99 programu ndogo ya kufungua kasi ya 802.11n, kiwango kipya cha Wi-Fi cha wakati huo, katika kompyuta za Mac ambazo tayari zilikuwa na chipu yenye uwezo huo. Kabla yake kuna mfano wenye uzito zaidi. Ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi, WEP, ulipovunjwa, mamilioni ya vifaa tayari yalikuwa mikononi mwa watu. WPA, mrithi wake, ikatolewa mwaka 2003, na njia yake ya usimbaji, TKIP, ilibuniwa makusudi iweze kuendeshwa na chipu zilezile za WEP kwa kubadilisha programu dhibiti tu. WPA2 ilipofuata mwaka 2004 ikiwa na usimbaji wa AES, chipu nyingi za zamani zilishindwa kuubeba mzigo huo. Miaka miwili hiyo inaonyesha vizuri hatua ambayo programu inaweza kufika, na mahali inapolazimika kusimama.

Katika miaka ya karibuni, hedifoni za Samsung za Galaxy Buds2 Pro ziliingia sokoni mwaka 2022, na uwezo wa LE Audio, yaani sauti inayopita kwenye Low Energy, ukaja baadaye kwa sasisho. Huwezi kumlaumu mtu aliyeona hayo akaanza kuamini kwamba kila namba hupanda.

Shida inaanzia kwenye namba yenyewe. Toleo la Bluetooth ni kitabu cha kanuni, na mengi yaliyomo ni ya hiari. Toleo 5.0 lilipotoka Desemba 2016 lilitangazwa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde kwenye Low Energy na kwa uwezo wa kufika mbali zaidi. Mtengenezaji anaruhusiwa kuandika 5.0 bila kuweka hata kimoja kati ya viwili hivyo. Toleo 5.2 ndilo lililoweka msingi wa LE Audio, sauti mpya yenye kodeki (njia ya kubana sauti) ya LC3, lakini kifaa cha 5.2 au 5.3 hakilazimiki kuwa nayo. Kwenye Windows, LE Audio inataka Windows 11 toleo la 22H2 au la baadaye, na juu ya hapo chipu na draiva zilizoandaliwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na laptopu ya 5.3 na hedifoni ya 5.3, zikaunganishwa, zikaimba, na bado sauti ikawa inapita njia ileile ya miaka mingi iliyopita.

Anayetaka kuona hali halisi asitegemee stika. Kwenye Windows afungue Device Manager, apanue sehemu ya Bluetooth, abofye mara mbili jina la redio, kisha aingie kwenye kichupo cha Advanced. Hapo kuna herufi LMP zikifuatwa na namba. LMP 6 ni Bluetooth 4.0, 8 ni 4.2, 9 ni 5.0, 11 ni 5.2, 12 ni 5.3. Namba hiyo inasemwa na chipu yenyewe kupitia programu yake dhibiti, na ndiyo sababu wakati mwingine hupanda baada ya kusasisha draiva. Ikipanda, usikimbilie kushangilia. Maana yake ni kwamba chipu imekubali kanuni za toleo jipya. Haikuambii ni vipengele gani vya hiari imevipata. Bahati nzuri ni kwamba vifaa viwili vya matoleo tofauti hukubaliana kwa kile vinachokijua vyote, hivyo hedifoni ya 5.3 yenye sauti ya kawaida itafanya kazi na laptopu ya 4.2. Wengi wanaotafuta namna ya kupandisha toleo hawana haja nayo hata kidogo.

Sasa tuwasikilize wanaoogopa kusasisha. Hofu yao haikuzuka tu. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba iOS 10.2.1 ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Lengo lilikuwa kuzuia simu zisizime ghafla, lakini wenye simu hawakuambiwa, na Februari 2020 mamlaka ya kulinda walaji ya Ufaransa ikatangaza faini ya euro milioni 25 kwa kosa hilo la kunyamaza. Isitoshe, kwenye simu nyingi kurudi nyuma hakuruhusiwi: mfumo unakataa kuweka toleo la zamani hata kama jipya limekuvurugia Wi-Fi. Na programu dhibiti ikikatika katikati ya kuandikwa, kwa mfano chaji imeisha, kifaa kinaweza kukataa kuwaka kabisa. Mtu anayetegemea simu moja kwa kazi na pesa zake ana haki ya kusita.

Lakini mimi naona upande huu unakosea kwenye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni usalama. Oktoba 2017 Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alitangaza KRACK, udhaifu uliokuwa ndani ya kiwango cha WPA2 chenyewe. Kubadilisha nenosiri hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni sasisho, hasa kwenye simu na laptopu. Mwaka huohuo ulijulikana udhaifu ulioitwa Broadpwn kwenye chipu za Wi-Fi za Broadcom zilizokuwa ndani ya iPhone na simu nyingi za Android: mshambuliaji aliye karibu angeweza kuendesha programu yake ndani ya chipu bila mwenye simu kubofya chochote. Mwaka 2019 ukaja KNOB, uliowezesha mtu kuvilazimisha vifaa viwili vya Bluetooth vitumie ufunguo mfupi mno, hata wa baiti moja, unaovunjika kwa urahisi. Anayejivunia kutokugusa simu yake tangu 2016 anatembea na hayo yote mfukoni.

Kwa hiyo kwangu sababu ya kusasisha si namba. Sasisho la usalama liwekwe mapema, chaji ikiwa ya kutosha na nakala ya data ikiwa imehifadhiwa. Sasisho la toleo zima la mfumo linaweza kusubiri wiki kadhaa mpaka kasoro zake zijulikane, mradi yale ya usalama yanaendelea kuja. Na kama unachohitaji ni uwezo ambao chipu haina, tafuta chipu nyingine. Kwenye laptopu nyingi kadi ya Wi-Fi na Bluetooth ni moja, imechomekwa kwenye soketi ya M.2 na inatolewa kwa skrubu moja. Nyingine zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama, hizo hazitoki. Hakikisha pia BIOS yako, programu inayoiwasha kompyuta, haina orodha ya kadi inazozikubali, kwa sababu baadhi ya watengenezaji waliiweka, na kompyuta hukataa kuwaka na kadi ngeni. Kidude cha USB cha Bluetooth hukwepa matatizo yote hayo. Kwenye simu hakuna njia ya kutokea ya namna hiyo.

Ndipo linapoingia suala la nani analeta sasisho na kwa muda gani, ambalo wanunuzi hawaliulizi vya kutosha. Programu dhibiti ya redio huandikwa na mtengenezaji wa chipu, Qualcomm, MediaTek au Broadcom, kisha inapita kwa mtengenezaji wa simu ndipo ikufikie. Mmoja akiacha, mnyororo umekatika. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kuanzia Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafuata na Galaxy S24 mwaka 2024. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unataka simu na tableti zipate masasisho ya mfumo kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kanuni hiyo haigusi laptopu wala hedifoni. Hizo zinasubiri sheria nyingine ya Umoja huo, ile ya ustahimilivu wa kimtandao, ambayo masharti yake makuu yanaanza Desemba 2027. Mpaka wakati huo, hedifoni inaweza kuuzwa leo ikiwa na 5.3 kubwa kwenye boksi, bila neno lolote kuhusu mwaka ambao sasisho lake la mwisho litatoka.